Shajara ya mradi: kupiga solo za jazi bila kupotea njiani

Mwanzo wa muhula

Mradi wangu wa darasa la jazi ni huu: muhula ukiisha niwe naweza kusimama na bendi ya darasa nikapiga solo kwa tarumbeta, ya kubuni palepale, bila karatasi, na nisipotee. Hilo la mwisho ndo nimelipigia mstari. Mwalimu alisema kila mtu achague lengo moja linalopimika alafu aandike shajara, wengi wameandika mambo ya skeli (ngazi za noti), mmoja kasema anataka spidi, mi nimechagua kutopotea manake nimewaangalia sana watu wanaoanza kupiga solo na tatizo lao ni nadra kuwa noti. Noti wanazo, tena nyingi. Kinachowamaliza ni kwamba bendi iko mizani ya tisa (mizani ni kipande cha mapigo, kwetu manne), wao wako ya saba, na hawana habari.

Ninakotoka kwa kifupi: bendi ya matarumbeta, kila kitu kimeandikwa, na kabla ya hapo kwaya, kwa hiyo noti nasoma na solfa iko kwenye damu. Kubuni papo hapo ndo kitu kipya.

Bendi ya darasa ina piano, besi kubwa ile ya kusimama, dramu, gitaa, saksafoni alto na mimi. Kitu kimoja tukiweke sawa mapema kabla hakijachanganya mtu: tarumbeta langu ni la B flati, nikipuliza C piano inasikia B flati, kwa hiyo bendi ikisema tunapiga F mi kichwani nawaza G. Dada wa saksafoni alto yeye ni E flati, F hiyohiyo kwake ni D. Humu nitaandika kwa lugha ya piano, nikihama nitasema.

Mizani 12

Tumeanza na bluzi ya F. Kwa asiyeijua, bluzi ya kawaida ina mizani 12, kila mizani mapigo manne, na kordi tatu tu (kordi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Mizani nne za kwanza F7 (kordi inayojengwa juu ya F), mbili zinazofuata Bb7 (ile b ndogo ni flati), mbili F7 tena, kisha C7 moja, Bb7 moja, unarudi F7, na ile ya 12 mara nyingi ni C7 ya kukurudisha juu. Ukifika mwisho unaanza upya, mnazunguka hivohivo mpaka wote wamalize solo zao. Ndo maana mwanajazi hahesabu dakika, anahesabu mizunguko, utasikia "chukua miwili" yaani mizani 24, basi.

Darasa lililofuata mwalimu akatukataza kabisa kugusa vyombo. Yeye yuko kwenye piano, sisi tumesimama, tunakanyaga kila pigo papo hapo na tunaimba noti ya chini ya kila kordi, do do do do mizani nne, fa mizani mbili, tunarudi do, alafu so, fa, do, so. Ukituangalia kwa mlangoni ni mchezo wa watoto. Kisha akaanza uhuni wake, anaacha kupiga ghafla katikati, anakaa kimya sisi tunaendelea kukanyaga tu bila kuimba, mara anauliza "tuko wapi?"

Hapo ndo niliona kitu. Waliokuwa wanahesabu walitaja namba, "ya sita mwalimu", lakini ukiwauliza kordi gani wanaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo. Waliokuwa wanasikiliza walijua kordi moja kwa moja, namba wakaikosa. Na mwalimu alifurahia kundi la pili zaidi, alisema solo haipigwi kwa namba. Kwa hiyo nikaacha kuhesabu hadi 12 (ilikuwa inaniuma sana kuacha, mtu wa bendi ya matarumbeta anahesabu mizani za mapumziko hadi usingizini) nikabaki na alama mbili tu: mizani ya 5, pale Bb7 inapoingia na kila kitu kinalegea, na mizani ya 9, pale C7 inapoingia na unasikia tunaelekea mwisho. Ukizijua hizo mbili kwa sikio zilizobaki zinajipanga zenyewe.

Kilichonisaidia zaidi ni kujua bluzi ilikuwa wimbo kabla haijawa kordi. Ubeti wa bluzi wa asili una mistari mitatu, wa kwanza unasemwa, wa pili ni uleule unarudiwa, wa tatu unajibu. Kila mstari una mizani nne, na mwimbaji hazijazi zote, anaimba kama mbili za kwanza, mbili zinazobaki gitaa au tarumbeta linaitikia. Kwa hiyo mizani ya 5 ni mahali mwimbaji anaporudia neno lake na mizani ya 9 ni mahali anapotoa jibu. Mtu wa kwaya hilo huhitaji kumwambia mara mbili, kuitikia ndo kazi yake.

Noti mbili

Zoezi la wiki hii: piga solo mizunguko miwili, noti ni mbili tu, F na C. Ukigusa ya tatu unakaa chini.

Gitaa alilalamika, akasema huo si muziki. Mwalimu hakubishana naye, akaweka rekodi ya C Jam Blues ya Duke Ellington ya 1942, akasema sikilizeni melodi alafu niambieni ina noti ngapi. Ina mbili, so na do, basi. Bendi nzima ya Ellington inasimama juu ya noti mbili na hakuna anayeona kitu kimepungua, kwa sababu kazi yote inafanywa na mdundo, zinaingia wapi, zinakatwa wapi, kimya kinakaa muda gani.

Nilivyofanya mimi: nilichukua sentensi moja ya kawaida ya kusema, "we njoo, njoo basi", nikaipiga kwa mdundo wake uleule wa mdomoni, C C-F, F C-C, nikanyamaza mizani mbili, nikairudia kwenye mizani ya 5, nikanyamaza, kwenye ya 9 nikaigeuza nikaanza na F. Ni ule ubeti wa mistari mitatu tu, sijabuni chochote cha ajabu, lakini kwa mara ya kwanza nilimaliza mzunguko nikiwa najua nimemaliza kabla mpiga dramu hajanionyesha. Mpiga piano akasema "hiyo kaka nimeielewa". Gitaa naye alipiga vizuri, tena bora kuliko wote, na bado anasema si muziki.

Mi ma, ta la

Hii ndo nilitaka kuiandika kwa urefu manake naona vitabu vingi vinaizungukazunguka.

Kila mtu anayeanza anapewa skeli ya bluzi, kwa F ni F, A flati, B flati, B, C, E flati, anaambiwa piga yoyote kati ya hizi juu ya kordi zote na haitakuwa mbaya. Kweli haiwi mbaya. Lakini kwa mtu mwenye mradi wa kutopotea skeli hiyo ni mtego, kwa sababu inafanya kazi kila mahali kwa hiyo haikuambii uko wapi, wala haimwambii msikilizaji. Unaweza kuwa umepotea mizani tatu nzima na noti zako zote zinakubalika.

Kinachosema uko wapi ni noti mbili ndani ya kila kordi, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka ile noti ya chini inayoipa kordi jina. Ile ya kwanza besi anayo, ya tano haina habari mpya. Sasa nikaziandika kwa solfa, F ikiwa do. Kumbuka kwenye solfa mi ikishushwa nusu toni (hatua ndogo kabisa ya piano) inaitwa ma, na ti ikishushwa inaitwa ta.

F7 ina mi na ta.
Bb7 ina ma na la.
C7 ina fa na ti.

Angalia kinachotokea. Ukitoka F7 kwenda Bb7, mi inashuka inakuwa ma, ta inashuka inakuwa la, zote mbili zimeshuka nusu toni. Ukitoka F7 kwenda C7, mi inapanda inakuwa fa, ta inapanda inakuwa ti, zote zimepanda nusu toni. Yaani bluzi nzima ya mizani 12 ni jozi moja ya noti inayoshuka kidogo, inarudi, inapanda kidogo, inarudi. Nilipoiona nilimpigia simu mpiga piano usiku, akaniambia kwa upole kwamba mkono wake wa kushoto unafanya hivyo tangu siku ya kwanza na kwamba sasa alale.

Zoezi nililojitengenezea: hakuna solo, hakuna skeli, naimba "mi mi mi mi" mizani nne, "ma ma", "mi mi", "fa, ma, mi", na ya mwisho "fa" kwa ile C7 ya kurudi juu. Kisha naanza upya na nyingine, "ta ta ta ta, la la, ta ta, ti, la, ta, ti". Nikishaimba nachukua tarumbeta. Kwangu mi ni B na ma ni B flati, kwa hiyo mizani ya 5 ikifika kidole cha kati kinaachia vali ya pili, kidole cha kwanza kinabonyeza ya kwanza, hewa haikatiki, na sauti inashuka nusu toni tu. Kitu kidogo hivo. Lakini chumba kizima kinasikia mlango umefunguka.

Tulilijaribu darasani. Mwalimu akasema piano, gitaa na besi wanyamaze, abaki dramu na mimi, na dada wa saksafoni afumbe macho anyooshe mkono anaposikia Bb7. Nikapiga chochote mizani nne, mwanzoni mwa ya 5 nikaweka ma ndefu. Mkono ukanyooka. Mzunguko wa pili nikatumia skeli ya bluzi pekee bila kujali, mkono haukunyooka hadi mizani ya 7, na hapo alikuwa anabahatisha, alisema mwenyewe.

Kwa hiyo sheria yangu kwa sasa: kwenye mizani ya 5 na ya 9 lazima nitue kwenye ya tatu au ya saba ya kordi mpya. Katikati hapo nifanye ninachotaka, hata hiyo skeli.

Swingi, kwa kifupi

Metronomu imewekwa polepole na mlio wake nauhesabu kama pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu. Mwanzoni unahisi kama umevaa viatu kinyume. Baada ya muda unaelewa kwa nini, hai-hati ya dramu, yale matoazi mawili, inafungwa kwa mguu palepale kwenye 2 na 4, kwa hiyo unajizoesha kukaa na mtu ambaye utakaa naye jukwaani. Swingi yenyewe ni hii: noti fupi mbilimbili hazilingani, ya kwanza ndefu kidogo, ila bendi ikienda kasi zinakaribia kulingana, kwa hiyo anayekwambia swingi ni hesabu moja isiyobadilika asikusumbue. Inatoka kwenye rekodi, haitoki kwenye maelezo.

Kunakili kwa sikio

Kila mmoja anakili solo moja bila karatasi. Mi nimechukua ya Miles Davis kwenye Freddie Freeloader, kwanza kwa sababu ni tarumbeta, pili kwa sababu ni bluzi ya B flati ambayo kwangu ni C, tatu kwa sababu Miles anaacha nafasi nyingi na mtu mwenye midomo yangu anaweza kumfuata. Ilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959, New York, kwenye sesheni za albamu yake Kind of Blue, na piano ni ya Wynton Kelly ambaye yuko kwenye wimbo huo mmoja tu wa albamu, kwingine kote ni Bill Evans. Kelly ndo anaanza solo, Miles anafuata. Nilijikuta naimba ya Kelly pia bila kutaka.

Utaratibu ni huu: sikiliza kipande hadi uweze kukiimba, kiimbe bila rekodi, kipige, kisha ndo uandike kama una haja. Programu ya kupunguza spidi natumia tu pale sikio linapogoma kabisa, manake ukipunguza sana swingi inakufa unabaki na noti. Kuna vitabu vya solo zilizokwisha andikwa, najua, tunavyo maktaba. Sijavigusa. Ukiisoma kwanza jicho linajua sikio halijui, utapiga noti zake zote sahihi na haitafanana naye hata kidogo.

Sasa kilichotupata. Tulikuwa tunaipiga kama bluzi ya kawaida na kila tukifika mwisho wa mzunguko kuna kitu hakikai. Mizani ya 11 mpiga besi anarudi B flati kama kawaida ya bluzi, rekodi haiko hapo. Tukarudisha, tukarudisha. Mwisho mpiga besi akaegemea spika, akaimba noti anayoisikia chini, akaitafuta kwenye waya: A flati. Kumbe mizani ya 11 na 12 hazirudi nyumbani kwenye B flati, zinakaa Ab7, toni nzima chini, alafu ndo mzunguko unaanza upya. Kwangu ni Bb7 kwenye bluzi ya C.

Nimelipenda sana hili kwa mradi wangu, kwa sababu ndo alama ya tatu. Kwenye bluzi ya kawaida mizani ya 11 na ya 1 zinafanana, zote ni kordi ileile ya nyumbani, ndo maana watu wanavuka mstari bila kujua. Hapa mwisho una rangi yake, ukiusikia unajua kabisa mzunguko unakatika.

Mizani 24 za jangwa

Wimbo wa pili wa mradi una mizani 32, umbo la A A B A, kila kipande mizani nane. Mwalimu kachagua So What, ya Miles tena, sesheni ileile ya 2 Machi. Melodi anapiga besi, Paul Chambers, na bendi inamwitikia kwa kordi mbili, unaona tena kuitikia kunarudi.

Kwa karatasi ni rahisi kupita bluzi. Skeli mbili tu! A zote ni D doriani, yaani noti nyeupe za piano kutoka D hadi D, na B ni ileile ikiwa imepandishwa nusu toni, E flati doriani. Kwangu ni E doriani, yenye F shapu na C shapu, na F doriani, yenye flati tatu. Kila mtu alicheka, tutamaliza leo.

Hatukumaliza. Bendi nzima ilipotea, piano yuko B, gitaa yuko A, mi niko mahali ambapo hata jina halina. Tukakaa chini tukachora. Hesabu A ya mwisho ya mzunguko, mizani nane. Unaingia mzunguko mpya, A mbili, mizani 16. Kwa hiyo kati ya B moja na B inayofuata kuna mizani 24 za skeli ileile bila kordi hata moja ya kukushika mkono. Ile mbinu yangu ya mi na ma haina kazi hapo, hakuna kinachosogea. Ukipotea kwenye bluzi kordi zitakuokota ndani ya mizani nne, hapa unaweza kutembea muda mrefu sana hujui kama ni A ya kwanza au ya tatu.

Nilijaribu kurudi kuhesabu, nikawa napiga kama mtu anayejaza fomu. Kilichofanya kazi ni kufikiri kwa vipande vya mizani nane vyenye kazi tofauti: A ya kwanza napiga chini na kidogo, A ya pili nachukua wazo lilelile nalipandisha, B ni nusu toni juu kwa hiyo nachukua wazo lilelile nalihamisha lilivyo, A ya mwisho nashusha nguvu. Sasa sihitaji namba kwa sababu nikiwa juu na nimekolea najua hii ni A ya pili, inayofuata ni B. Umbo la solo ndo linalonikumbusha umbo la wimbo. Kitu cha ajabu ni kwamba solo zenyewe zilianza kueleweka, na hilo halikuwa hata lengo.

Mpiga dramu naye anasaidia sana kuliko nilivyodhani. Kila mwisho wa mizani nane anaweka kitu kidogo, mlipuko kwenye sneya au upatu unaofunguka. Tulikuwa hatumsikilizi tu.

Midomo

Tarumbeta si piano, midomo ikichoka imechoka. Ukirudiarudia mizunguko mingi kwa siku sauti ya juu inakuwa hewa tupu. Kwa hiyo nusu ya mazoezi sasa ni ya kuimba. Majirani wa chumba cha mazoezi wanaweza kusema lolote. Sonny Rollins alipojitoa jukwaani kuanzia 1959 hadi 1961 alikwenda kupigia saksafoni yake kwenye daraja la Williamsburg huko New York ili asisumbue jirani, na aliporudi albamu yake ya 1962 ikaitwa The Bridge. Mi sina daraja, nina mlango usiofungika vizuri.

Mizani nne nne na dramu

Leo tumeanza kubadilishana na dramu, chombo kimoja kinapiga mizani nne, dramu inajibu nne, wengine wote kimya wakati wa dramu. Kwa mradi wangu huu ndo mtihani halisi, manake dramu ikipiga hakuna kordi, hakuna besi, hakuna mi wala ma, na mzunguko bado unatembea.

Na kuna hesabu ndani yake ambayo hakuna aliyetuambia. Mizani 12 ukigawa kwa nne unapata tatu, namba witiri. Mzunguko wa kwanza ni mimi, dramu, mimi. Kwa hiyo wa pili unaanza na dramu, mimi naingia mizani ya 5, alafu dramu inamaliza. Wa tatu ndo narudi kuanza mimi. Yaani mzunguko mmoja naingia juu ya F7, unaofuata naingia moja kwa moja juu ya Bb7. Ukiingia na A ya kawaida pale, ambayo ndo mi, inagongana na A flati ya piano na kila mtu anageuka. Kwenye wimbo wa mizani 32 shida hii haipo, nne zinaingia nane, kila mzunguko unaanza na mtu yuleyule.

Nilimuuliza mpiga dramu anajuaje alipo akiwa anapiga peke yake, nikidhani ataniambia anahesabu.

"Sihesabu kaka. Naimba melodi."

"Ukiwa unapiga solo?"

"Eeh. Melodi iko kichwani inakwenda, mikono inaizunguka. We nawe iimbe nikiwa napiga, tutakutana."

Nimejaribu. Ile melodi ya ufunguzi naiimba kimoyomoyo dramu ikiwa inapasua, na ikifika neno la mstari wa pili najua ni mizani ya 5, naingia. Inafanya kazi hata akipiga vitu vya kuvuruga makusudi, na huwa anapiga makusudi.

Kusikiliza rekodi za mazoezi

Mwalimu alirekodi zote akatupa tukasikilize nyumbani. Yangu: sijapotea hata mahali pamoja. Kila mizani ya 5, noti ya tatu ya kordi iko pale, kila mizani ya 9 iko pale. Na ni ya kuchosha! Kila sentensi inaanza pigo la kwanza la kipande na inaisha kabla ya kipande kingine, nne, kimya, nne, kimya, kama mtu anayeongea kwa kukata shoka. Alama nilizojiwekea zisinipoteze zimekuwa ukuta. Dada wa saksafoni ambaye hana mradi wowote wa kutopotea anaanza sentensi mizani ya 3 na kuimalizia ndani ya 5, anavuka mstari katikati ya neno, na noti anayotua nayo upande wa pili ni ileile ya tatu ninayoitafuta mimi. Tofauti ni kwamba yeye anafika akiwa anatembea, mi nafika nasimama ndo naanza.

Nilipomwambia akasema hajui anafanya nini ila aliwahi kuambiwa "vuta pumzi mahali ambapo hutakiwi". Nimeliandika ukutani.

Zoezi jipya basi: marufuku kuanza sentensi mizani ya 1, 5 na 9. Naanza mizani ya 4, na ma lazima iwe katikati ya sentensi, si mwanzo wake. Ngumu kweli, mwili mzima unataka kusubiri.

Onyesho la mwisho wa muhula

Bluzi ya F nilipewa mizunguko mitatu na nne nne za dramu baadaye. Mzunguko wa pili nilianza sentensi mwishoni mwa mizani ya 4, ikapita ndani ya Bb7 na ma ikiwa katikati, ikatokea upande wa pili, na piano akaidaka akaijibu. Mzunguko wa tatu nilirudia tabia ya kukata shoka kidogo. Nne nne tulifika wote pamoja, hata ile ya kuingilia mizani ya 5. So What nilichukua mizunguko miwili, B zote mbili niliingia kwa wakati wake, gitaa aliingia mapema kwenye moja akajirekebisha haraka, wachache walisikia.

Maoni ya mwalimu kwenye karatasi: lengo limefikiwa, sasa alama ziwe za kupita si za kusimama. Na swingi yangu bado inakimbia kwenye noti za juu, hilo ni la hewa, naendelea nalo.

Muhula ujao nimeshaomba kufanya kordi za I Got Rhythm ya Gershwin, wimbo wa 1930 ambao kordi zake wanajazi wamezijengea melodi mpya nyingi mno. Mizani 32 tena, B flati, ila kordi zinapita mbilimbili kwa mizani na kile kipande cha B ni D7, G7, C7, F7, kila moja mizani mbili. Nimeziandika za tatu na za saba zake na zote zinashuka nusu toni hatua kwa hatua, F shapu, F, E, E flati, na nyingine C, B, B flati, A. Naiimba tangu juzi, ila kwa sharti kwamba siruhusiwi kubadilisha noti pale kordi inapobadilika, nabadilisha pigo moja kabla.